Nilimtambua Kambale kwa Mgongo

Nimekosa. Naanza na neno hilo ili usipoteze muda wako, ndugu msomaji, kunitafutia udhuru. Udhuru sina. Macho nilikuwa nayo mawili mazima, jua lilikuwa kali, na bado nilikosa.

Jina langu sitalitaja. Tabora hii ni mji mdogo, wanaonijua watanijua tu. Mume wangu nitamwita Baba Hadija, na wengine nao nimewabadilisha majina. Nimekwisha kuwaaibisha mara moja, inatosha.

Baba Hadija alikuwa dereva wa ofisi ya tumbaku. Gari aliloendesha lilikuwa la Kifaransa, liliachwa na bwana mmoja wa Kizungu alipofungasha kurudi kwao baada ya Uhuru. Kama hukuliona gari lile, basi hujaona gari! Pua ndefu iliyolala chini, mgongo unaoteremka taratibu hadi nyuma, halina kona hata moja ya kukwaruza upepo. Likizimwa, linashuka polepole mpaka tumbo linakaribia kugusa ardhi. Likiwashwa linainuka lenyewe, makalio kwanza, kichwa baadaye, kama ng'ombe anayeamka. Watu wa hapa wakaliita Kambale.

Kambale walikuwa wawili mjini. Wa pili alikuwa mali ya tajiri mmoja mnunuzi wa asali na nta, na dereva wake ndiye Saidi, rafiki wa mume wangu tangu utoto. Ukiwaona Kambale hao kila mmoja kwa wakati wake, ungeapa ni gari moja. Rangi moja ya majivu, pua moja, mlio mmoja. Utaniuliza, na namba? Namba sikuzishika kichwani. Nani anakariri namba ya gari la ofisi?

Siku moja nilimwuliza mume wangu yeye anawatofautisha vipi. Akacheka, akanishika mkono hadi gari lilipo, akafungua mlango wa mbele.

"Tazama miguuni," akasema. "La kwetu halina klachi. Hapa mafuta, hapa breki, basi. Na breki yenyewe iangalie, kitufe kama uyoga. La Saidi ni la daraja la chini kidogo, lina pedali tatu kama lori. Tofauti yao ndiyo hiyo."

"Sasa mimi nitembee nafungua milango ya watu nichungulie miguuni?" nikamwambia. "Nipe alama ya nje."

Akanizungusha nyuma. Pale paa linapokutana na kioo cha nyuma, pembeni, pana vitu viwili mfano wa tarumbeta, na ndani yake taa za kuonyesha kona. Akazigusa. "Za kwetu ni za chuma cheupe. Za Saidi ni plastiki nyekundu. Lakini hilo ni pambo tu, Mama Hadija. Pambo linafunguka kwa bisibisi."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kabisa. Yaliingia sikio la kulia yakatokea la kushoto, na mimi nikashika chuma cheupe.

Sasa nikwambie nilivyo. Mimi ni mtu wa kushuku. Tawini kwetu nilikuwa kiongozi wa akina mama, na tangu Azimio litangazwe tulikuwa tukihimizwa kila mkutano tuwe macho. Nani anaficha sukari? Nani kupe anayenyonya jasho la wenzake? Nilikuwa hodari wa kazi hiyo! Balozi wetu wa nyumba kumi alinisifu mbele ya watu, akasema mama huyu ana jicho. Sifa zikanilevya. Jicho la tawi nikarudi nalo nyumbani, nikaanza kumtazamia mume wangu.

Kabla ya hapo sikuwa na sababu. Baba Hadija alikuwa mtu mpole, wa kazi na msikiti, mchana anakuja kula kwake. Analirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye ukuta wa jirani, kwenye kivuli, pua ikitazama njia ili akiitwa atoke mara moja. Ndiyo maana mgongo wa gari letu sikuwa nauona. Hilo nalo kumbuka.

Aliyetia cheche ni mtani wangu. Yeye Mzaramo, ameletwa huku na mumewe wa reli, anauza vitumbua pale stesheni. Mimi Mnyamwezi. Utani wetu ni wa tangu babu zetu wanabeba pembe na mizigo kwenda pwani, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana na mimi nina ruhusa ya kumtukana, na hapana kununa.

"Wewe mke wa mpagazi," akaniambia asubuhi moja, "babu zenu walifika Bagamoyo wakala papa, wakasahau wake zao huku bara! Na mumeo ni wa uzao huo huo. Kambale wenu namwona kila mara anakunywa maji mtaa wa Ipuli."

"Nyamaza, Mzaramo wewe, kazi yenu ngoma tu!" nikamjibu, tukacheka.

Lakini njiani kicheko kilinikauka. Ipuli? Kuna nini Ipuli? Lisemwalo lipo. Mtani hutania, ndiyo, lakini mara nyingine utani ndio mahali pekee mtu anapoweza kukwambia la kweli. Ndivyo nilivyojidanganya.

Nikaanza kupeleleza. Nikanusa shati lake, likanukia udi. Udi wa nani, maana mimi sikuwa nimechoma udi tangu Idi! Nikapekua gari akiwa anakula. Kwenye kiti cha nyuma, chini ya gunia, nikakuta doti ya kanga mpya, nyekundu yenye maua meupe, na kopo la udi pembeni.

Nikangoja aniletee. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikachungulia tena chini ya gunia, kanga hazipo.

"Baba Hadija," nikamwuliza wakati ananawa mikono, "hakuna zawadi ya mtu uliyonunua karibuni?"

Akatazama pembeni. "Kuna kitu nilimnunulia mwenzangu. Si changu kukisema."

Mume anatazama pembeni! Ungefanya nini, shoga? Ungeuliza tena, najua. Ningeuliza tena mara moja tu, nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi nilinyamaza, nikaweka akilini, kama nilivyozoea kuweka habari za watu mpaka siku ya mkutano.

Wiki ile ile akaniambia anakwenda Urambo kupeleka vifaa vya ofisi, atalala huko. Nikamfungia muhogo na karanga. Alipoondoka vumbi lilimfunika Kambale mzima; nilisimama mlangoni mpaka likatulia, nikajiambia, haya, tuone.

Siku hiyo hiyo alasiri nilikuwa na safari ya Ipuli kumtazama mzazi aliyejifungua juzi. Ndivyo nilivyowaambia watu, na mzazi kweli alikuwepo, lakini angekuwa mtaa mwingine, Kiloleni, nisingeenda kwa haraka ile. Nikakata kona ya kwanza, ya pili, na mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, mshona nguo, mwanamke aliyeachika miaka miwili nyuma, nikamwona Kambale.

Alikuwa amenigeuzia mgongo. Na kule juu, pembeni mwa kioo, tarumbeta mbili za chuma cheupe, zimesuguliwa mpaka zinaumiza macho!

Urambo! Mume wangu yuko Urambo! Nikaliangalia tumbo la gari, limelala mpaka chini. Maana yake limezimwa zamani. Maana yake mwenyewe katulia humo ndani, kavua viatu.

Sijui jiwe nililiokota wapi. Najua nilipiga tarumbeta ya kulia, ikapinda, taa ya ndani ikamwagika vipande. Wanawake wakatoka majumbani. Nami nikapandisha sauti niliyokuwa natolea kaulimbiu za tawi: "Toka nje, Zuhura! Toka, mwizi wa waume!"

Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Sikupiga hodi. Nikalivuta pazia nikaingia.

Nikakuta wazee. Wazee watupu, wamekaa mkekani na kofia zao, vikombe vya kahawa mkononi, sinia ya halua katikati. Mume wangu hayupo. Na katika mlango wa chumba cha ndani amesimama Zuhura, kajifunga kanga nyekundu yenye maua meupe.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba radhi akatoka. Mimi nikaziona kanga!

"Kanga hizo kazinunua mume wangu!" nikapiga kelele. "Nimeziona kwa macho yangu! Mmemficha wapi? Chumbani?"

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa mwenye gari hilo hapo nje!"

Saidi akaja mbio kutoka baraza ya jirani, na kanzu yake mpya, jasho linamtoka. "Shemeji! Shemeji, gari ni langu! Baba Hadija yuko Urambo!"

"Nyamaza! Wewe ndiye unayemfichia!"

"Twende nje basi. Nakufungulia mlango, utazame pedali. Tatu, shemeji. Zitazame tu!"

Akatoka, akafungua mlango wa gari, akasimama pembeni anangoja. Watu wote wakanitazama. Hatua chache tu ningekwenda nikainamisha kichwa.

"Sitazami!" nikasema. "Mimi nimekwisha kuona!"

Hilo ndilo kosa langu. Kulifananisha gari kunaweza kumpata mtu yeyote. Lakini mimi nilifunguliwa mlango nikakataa kutazama, kwa sababu nilikwisha kuwaambia watu wote nilichokiona, na nilitaka kibaki kilivyo.

Wazee upande wa kulia wa mkeka wakanyanyuka. Mkubwa wao, ambaye baadaye nilijua ni baba mkubwa wa Saidi, akavaa makubazi yake bila haraka. "Sisi tumekuja kuposa," akawaambia wale wa kushoto. "Hatukuja kugombania mwanamke na mke wa mtu. Jibu lenu kaeni nalo."

Wale wa kushoto walikuwa wajomba wa Zuhura, wametoka kijijini kwao Choma kwa basi kuja kusikiliza posa. Zuhura alifungua ile kanga ya juu, akaikunja vizuri, akaiweka karibu na halua.

Nikarudi nyumbani naona kama nimeshinda. Usiku nikalala. Hilo nalo naliungama, nililala!

Baba Hadija alirudi kesho yake adhuhuri. Gari limejaa vumbi jekundu la njia ya Urambo mpaka juu ya kioo. Habari alikwisha kuipata kule mjini, watu walimsimamisha njiani. Safari hii hakurudi kinyumenyume. Aliingiza pua ukutani akaniachia mgongo.

"Njoo," akasema.

Akafungua mlango. Mafuta na breki, ile breki kama uyoga.

"Lile la jana ulitazama miguuni?"

"Sikutazama."

Akanipeleka nyuma. Kule juu, badala ya chuma cheupe, palikuwa na tarumbeta nyekundu za plastiki, moja imepasuka imefungwa kwa waya.

"Saidi alikuja kuniazima," akasema. "Mtu akienda kuposa anaazima kanzu, anaazima koti, anaazima na saa ya mkononi. Mimi sina koti. Nikamwazima zile za chuma, tukabadilishana, wakwe waone gari la heshima. Na kanga na udi aliniomba nimchagulie mimi, maana yeye dukani anaona haya."

Nikaigusa ile iliyofungwa waya. "Kwa nini hukuniambia?"

"Posa haisemwi kabla ya jibu. Na ningekwambia, ungeipeleka tawini."

Hakupiga kelele. Natamani angepiga kelele.

Mambo hayakuishia hapo. Jiwe langu lilikuwa limepiga chuma cha ofisi. Bwana mkubwa wa tumbaku akauliza, imekuwaje vifaa vya gari la umma viko kwenye gari la tajiri wa asali? Mali ya umma! Neno hilo nililipigia kelele mimi mwenyewe mikutanoni mara nyingi, sasa likamwangukia mume wangu. Wakamnyang'anya funguo, wakampeleka kijiji cha ujamaa upande wa Igalula akaendeshe trekta. Dereva aliyejulikana mji mzima kwa kuliinua gari kama ng'ombe, yuko mashambani analima matuta.

Kabla ya kwenda alimwita baba yangu mdogo na shahidi mmoja, akatamka mbele yao: "Namwacha talaka moja. Eda ikiwa bado ninaweza kumrejea. Lakini kwanza aende Choma akaseme kweli."

Nikahamia kwa mama, Ng'ambo, na Hadija wangu. Nikaanza kuhesabu eda, na kila siku nikiahirisha ile safari kwa aibu. Mpaka mama akanifukuza. "Mdomo ulikuwa mrefu Ipuli," akasema, "leo umefupika?"

Nikaenda Choma kwa basi, nikalala njiani Igunga. Asubuhi nikafika kwa wajomba, ng'ombe wanatolewa zizini. "Mwangaluka," nikawaamkia kwa Kinyamwezi. Wakaitikia, kwa sababu salamu haikataliwi, halafu wakaendelea na ng'ombe wao. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi nikasema yote, kuanzia kitumbua cha mtani mpaka jiwe. Mzee mkubwa akasikiliza hadi mwisho.

"Tumesikia," akasema. "Utayasema hayo na kwa wazee wa Saidi?"

"Nimekwisha kuwaambia, baba. Wanasema posa iliyoingia matusi hawairudii."

Zuhura alikuwa kaketi ukumbini anashona shati kwa mkono. Cherehani yake imebaki Ipuli ndani ya nyumba iliyofungwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba radhi. Akakata uzi kwa meno kwanza.

"Mimi sina neno na kelele zako, dada," akasema. "Ninachokifikiria kila siku ni kimoja. Mlango wangu ulikuwa wazi. Ungesema hodi tu. Ungesema hodi, ningekuambia karibu, ungekaa na wajomba zangu, ungekunywa kahawa, ungejua ni posa. Mpaka ungepiga vigelegele!"

Ni kweli, ningepiga vigelegele, mimi kwa vigelegele sina mpinzani.

Nikarudi Tabora, nikapanda treni hadi Igalula. Nikamkuta Baba Hadija shambani, anatia mafuta trekta. Amekonda, mikono imepasuka.

"Nimekwenda Choma," nikamwambia.

"Kasemaje?"

Nikamweleza habari ya hodi. Akafuta mikono kwa tambara.

"Na mimi hukunipigia hodi," akasema. "Tumelala kitanda kimoja miaka tisa, ukaninusa shati nikiwa nimelala. Ungeniuliza mara ya pili tu, Mama Hadija. Nilikuwa nangoja uniulize."

Akanisindikiza stesheni, akaninunulia ndizi za njiani. Nikajua atanirejea. Mwanaume haachi mke kisha akamnunulia ndizi! Hivyo nilijiambia, bado napeleleza, bado natafuta alama.

Eda iliisha Ijumaa. Hakuja.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu sijui kazaliwa lini, maana kila nikiamka namkuta ameketi kitandani.

Jumatatu nilikwenda stesheni kununua vitumbua. Nilikuwa na hamu ya kutukanwa, nakwambia kweli. Nilitaka yule Mzaramo aniite mke wa mpagazi nicheke kidogo. Aliponiona akasimama, akafuta mikono.

"Hujambo, mama? Habari za nyumbani?"

"Leo hunitukani, Mzaramo?" nikamchokoza. "Umekula papa aliyeoza?"

Akanifungia vitumbua, akaongeza kimoja juu. "Pole sana, mama," akasema, akanipa kwa mikono miwili.

Nililia pale pale mbele ya abiria. Mtani akikupa adabu, ujue mji mzima umekwisha kukuhukumu.

Dada zangu, na ninyi kaka zangu mnaojiona mna jicho, nisikieni. Alama uliyoiona nje, mwenye nayo anaweza kuwa kaiazima jana. Kanga ina mwenyewe na udi una mwenyewe, na si lazima wawe ni hao uliowapanga kichwani. Ukishuku, uliza. Ukijibiwa nusu, uliza tena. Ukikuta mlango wazi, simama nje, useme hodi, ungoje mpaka ukaribishwe. Na mtu akikufungulia mlango wa gari akakuambia tazama, jamani, tazama! Hata kama umekwisha kupiga kelele, hata kama watu wote wanakutazama, inama utazame.

Kambale bado wapo wawili, na njia yao ni hii hii ya Ng'ambo. Akipita mmoja, Hadija hutoka mbio hadi barabarani, akarudi anahema, ananiuliza, "Mama, huyu ni yule wa baba?"

Namwambia sijui.